Tairi Dogo la Akiba: Msaada wa Kufika kwa Fundi, Si wa Kumalizia Safari

Katika barabara kuu zinazotoka Dar es Salaam kuelekea Morogoro na Tanga, si jambo geni kuliona gari dogo la familia likipita kwa kasi huku gurudumu lake moja likiwa jembamba kuliko mengine matatu. Mara nyingi gari hilo limebeba abiria watano, buti limejaa mizigo, na dereva ana imani kwamba shida yake ilikwisha alipokaza nati ya mwisho. Kwa hakika shida imebadilika sura tu. Gurudumu lile jembamba ni tairi dogo la akiba, lililotengenezwa kwa kazi moja mahususi: kuliondoa gari mahali lilipopata pancha na kulifikisha kwa fundi aliye karibu, kwa mwendo usiozidi kilomita 80 kwa saa.

Tairi hilo limeenea nchini kupitia magari yaliyotumika yanayoagizwa kutoka Japani, ambayo ndiyo yanayoonekana kwa wingi katika maegesho ya ofisi, masoko na makazi. Mnunuzi hukagua picha za injini, rangi ya bodi, idadi ya kilomita na hata redio. Zulia la buti halifunuliwi. Hivyo wamiliki wengi huliona tairi lao la akiba kwa mara ya kwanza siku wanapolihitaji, pengine usiku, pembeni mwa barabara, watoto wakiwa wamelala kwenye kiti cha nyuma. Hapo ndipo hugundua kwamba ni dogo kuliko walivyotarajia, au limeishiwa upepo, au kwamba jeki iliyopaswa kuwa kando yake haipo.

Asili ya tairi hili inaeleza mipaka yake. Watengenezaji wa magari nchini Marekani walianza kulitumia mwishoni mwa miaka ya 1960, na baadaye likaenea duniani wakati bei ya mafuta ilipowalazimisha kutafuta kila njia ya kupunguza uzito wa gari. Tairi kamili na rimu yake ni mzigo mzito unaobebwa kila siku ilhali hutumika mara chache kwa mwaka, au lisitumike kabisa. Tairi jembamba hupunguza uzito, huacha nafasi ya mizigo na humgharimu mtengenezaji fedha kidogo. Kwa nchi kama Japani, ambako miji imesongamana na msaada wa kuvuta gari hupatikana kwa simu moja, hesabu hiyo ina mantiki. Gari linapohamia katika nchi ambayo kituo kimoja cha mafuta na kingine vinaweza kutengana kwa makumi ya kilomita, tairi huja na mipaka ile ile, lakini mazingira yaliyoifanya mipaka hiyo ivumilike hayaji nalo.

Maandishi yaliyo ubavuni mwa tairi hueleza mengi kwa anayejua kuyasoma. Chukua mfano wa kipimo cha T125/70D15, kinachopatikana katika magari mengi madogo na ya kati. Herufi T humaanisha kwamba ni tairi la matumizi ya muda. Namba 125 ni upana wake kwa milimita. Namba 70 ni uwiano wa kimo cha ubavu kwa upana huo, kwa asilimia. Herufi D huonesha kwamba nyuzi zake zimepangwa kwa mshazari, tofauti na matairi ya kawaida ya kisasa yenye herufi R, na 15 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Tairi la kawaida la gari kama hilo linaweza kuwa 185/65R15. Kwa maneno mengine, kona moja ya gari inashika lami kwa upana wa takriban theluthi mbili tu ya kona nyingine, tena kwa mpira wenye kashata nyepesi na nyuzi zilizopangwa kwa mtindo mwingine.

Jambo linalosahaulika zaidi, na ambalo pengine ndilo lenye madhara makubwa kuliko yote, ni upepo. Tairi la kawaida la gari dogo hujazwa takriban PSI 30 hadi 33. Tairi dogo la akiba hutakiwa kujazwa PSI 60, sawa na kilopaskali 420, na agizo hilo huwa limeandikwa ubavuni mwake. Hiyo ni mara mbili ya kiasi ambacho mkono wa fundi wa pancha umezoea. Fundi akiletewa tairi lililolegea hujaza 30 kama anavyojaza mengine yote kutwa nzima, dereva hushukuru, na wote wawili huamini kwamba kazi imekwisha.

Kwa nini 60? Sababu ni ya kimaumbile. Kinachobeba uzito wa gari ni upepo uliobanwa ndani ya tairi, na mpira na nyuzi kazi yao ni kuuzuia usitoke. Tairi lenye nafasi ndogo ya upepo ndani yake huhitaji msukumo mkubwa zaidi ili libebe uzito ule ule. Likijazwa inavyotakiwa, tairi la T125/70D15 lenye alama ya mzigo ya 95 huweza kubeba kilo 690, kiasi kinachozidi kilo 560 za tairi la kawaida la 185/65R15 lenye alama ya 88. Wembamba wake, basi, hauna maana kwamba ni dhaifu wa kubeba. Likijazwa nusu ya upepo huo, nguvu hiyo hupotea. Ubavu hukunjika kila linapozunguka, mpira hupata joto, na joto ndilo adui mkubwa wa tairi lolote. Mchana wa jua kali, lami ikiwa tayari inachoma, muda kati ya ubavu kuanza kuchemka na tairi kupasuka unaweza kuwa mfupi mno.

Upepo pia hupungua wenyewe. Tairi lililolala ndani ya buti kwa miaka mitatu bila kuguswa haliwezi kutarajiwa kuwa na PSI 60. Dereva anayepima matairi manne kila mwezi na kuliacha la tano hajamaliza kupima. Kwa kuwa vipimo vya mkononi vinavyouzwa katika maduka ya vipuri ni rahisi kubeba, hakuna sababu ya kusubiri pancha ili kujua tairi la akiba lina hali gani.

Tofauti ya kimo nayo ina athari zisizoonekana kwa macho. Kwa hesabu ya vipimo vilivyotajwa, kipenyo cha tairi la 185/65R15 ni takriban milimita 621, na cha T125/70D15 ni milimita 556. Kona yenye tairi dogo hushuka kwa zaidi ya sentimita 3. Kwa barabara zenye matuta makubwa, hususan yale yanayojengwa na wakazi mitaani bila kufuata vipimo, sentimita hizo tatu zinatosha kuifanya sampo ya injini au bomba la moshi kugonga pale ambapo siku zote gari lilikuwa likipita salama.

Aidha, gurudumu dogo hulazimika kuzunguka mara nyingi zaidi ili liende sambamba na makubwa. Katika kila kilomita moja, tairi la kawaida la mfano huu huzunguka takriban mara 512, na dogo mara 572. Tofauti hiyo ya mizunguko 60 huonekana ndogo hadi inapozidishwa. Kwa safari ya kilomita 80 inakuwa mizunguko 4,800 na ushei. Kwa safari ya kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro inakaribia 12,000. Mizunguko hiyo ya ziada humezwa na difu, ambayo kazi yake ni kuruhusu magurudumu mawili ya ekseli moja yazunguke kwa kasi tofauti, hasa gari linapokata kona. Kwa kawaida meno ya ndani ya difu hufanya kazi kwa sekunde chache tu katika kona, kisha hupumzika. Tairi dogo likiwa kwenye ekseli inayovuta gari, meno hayo hayapumziki hata katika barabara iliyonyooka. Vilainishi hupata joto na vyuma huanza kulika. Dereva hataona dalili yoyote siku hiyo. Uharibifu huja kudai malipo miezi kadhaa baadaye, gari likiwa limeanza kuvuma, naye akiwa ameshasahau pancha ile.

Kwa magari yanayosukumwa na magurudumu yote manne, hatari hiyo ni kubwa zaidi, kwa sababu tofauti ya kasi haiishii katika ekseli moja bali hupita hadi kwenye kiungo kinachogawa nguvu kati ya mbele na nyuma. Subaru ni mfano mzuri, maana magari ya kampuni hiyo, Forester na Impreza yakiwemo, yana wapenzi wengi Afrika Mashariki. Katika matoleo kadhaa ya zamani yenye gia za otomatiki, watengenezaji waliweka chini ya boneti nafasi maalumu ya fyuzi yenye herufi FWD. Dereva anayefunga tairi dogo la akiba hutakiwa kuchomeka fyuzi katika nafasi hiyo ili nguvu isipelekwe magurudumu ya nyuma hadi tairi la kawaida litakaporudi. Ni kifaa kidogo chenye thamani ndogo kinacholinda gia boksi yenye thamani kubwa, na maelezo yake yamo kwenye kitabu cha mwongozo ambacho, kwa bahati mbaya, ama hakikuja na gari ama kimeandikwa Kijapani.

Suala la gurudumu lipi liwekewe tairi dogo huleta mjadala miongoni mwa madereva. Magari mengi madogo huvutwa na magurudumu ya mbele, ambayo ndiyo pia yanayokata kona na kubeba sehemu kubwa ya kazi ya breki. Pancha ikitokea nyuma, hakuna utata. Tairi dogo hufungwa pale pale. Ikitokea mbele, na kama mahali ni salama na dereva ana muda, njia bora ni kufanya kazi mara mbili: kulitoa tairi zima la nyuma na kulihamishia mbele, kisha kulifunga dogo nyuma. Kwa njia hiyo difu inaepushwa na mizunguko ya ziada, na usukani unabaki na matairi mawili yanayolingana. Wapo watakaosema ni usumbufu. Ndivyo ulivyo, na penye lori zinazopita kwa kasi umbali wa mita moja, usumbufu huo unaweza kuwa hatari kuliko faida yake. Hapo ni heri kufunga upesi, kuondoka taratibu na kurekebisha mpangilio mahali palipotulia.

Breki na usukani hubadilika pia. Mifumo ya kisasa ya kuzuia magurudumu yasijifunge wakati wa breki, na ile ya kulituliza gari linapoyumba, hufanya kazi kwa kulinganisha kasi ya magurudumu manne. Likiwepo moja linalozunguka haraka kuliko mengine, mfumo unaweza kulitafsiri vibaya. Ndiyo maana vitabu vya mwongozo vya watengenezaji, Toyota ikiwemo, hutahadharisha kwamba mifumo hiyo inaweza isifanye kazi ipasavyo, na hukataza kutumia kifaa cha kushikilia mwendo wakati tairi dogo limefungwa. Hukataza vilevile kufunga matairi madogo mawili kwa wakati mmoja. Mvua ikinyesha, upana wa milimita 125 na kashata fupi huacha ushikaji mdogo sana, na umbali wa kusimama huongezeka. Kasi ya kilomita 80 kwa saa ni ukomo wa juu kwa hali nzuri. Katika masika, au ukiteremka Kitonga, busara inataka mwendo mdogo zaidi ya huo.

Baadhi ya watengenezaji huweka pia ukomo wa umbali, na kilomita 80 ndicho kiwango kinachotajwa mara kwa mara. Hapo ndipo jiografia ya Tanzania inapokuwa sehemu ya mjadala. Kutoka Dar es Salaam hadi Chalinze ni takriban kilomita 100. Kutoka Morogoro hadi Dodoma ni kama 260. Anayepata pancha karibu na Chalinze au Dumila hana sababu ya kuendelea na safari, kwani mafundi wa pancha wapo na kazi yao huchukua muda mfupi kuliko foleni ya mizani. Anayepata pancha katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, ambako barabara kuu hukatiza hifadhi kwa takriban kilomita 50, anatakiwa kufika upande wa pili, tena bila kukawia nje ya gari. Katika sehemu zote mbili tairi dogo linatosha kabisa kwa kazi yake. Kinacholigeuza kuwa hatari ni uamuzi wa dereva kulipita banda la fundi, na la pili, na la tatu, kwa hoja kwamba gari linaenda vizuri na giza linaingia.

Uamuzi huo hufanywa zaidi mwishoni mwa mwaka. Mwezi Desemba maelfu ya familia hutoka Dar es Salaam kwenda Kilimanjaro, Arusha na mikoa mingine kwa ajili ya sikukuu, magari yakiwa yamejaa kuliko siku nyingine zozote. Safari ya Moshi pekee inazidi kilomita 500. Kila saa ina thamani, na kusimama Segera au Korogwe kuziba pancha kunaonekana kuwa ni kupoteza muda. Hakuna anayeilaumu familia kwa kutamani kufika mapema. Ila dereva anayepita Mombo, Same na Mwanga akiwa bado juu ya tairi dogo hana tena akiba yoyote. Pancha ya pili, na pancha za safari ndefu hupenda kuja mbili, itamkuta mikono mitupu.

Umri wa tairi ni sura nyingine ya tatizo. Tofauti na Kenya, ambayo hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8 tangu kutengenezwa, Tanzania huruhusu magari ya umri mkubwa zaidi na kuyatoza ushuru wa ziada kwa uchakavu. Uamuzi huo umewawezesha wananchi wengi wa kipato cha kati kumiliki usafiri. Matokeo yake mengine ni kwamba gari la mwaka 2006 linaweza kuwa bado na tairi la akiba la mwaka 2006, kwa kuwa matairi manne ya barabarani hubadilishwa yanapoisha kashata, na la tano halijawahi kugusa lami. Kashata yake bado mpya. Mpira wake ni wa takriban miaka 20. Mpira huzeeka hata ukiwa gizani ndani ya buti. Hukauka, hupata nyufa nyembamba ubavuni na kupoteza mnato wake kwa nyuzi za ndani.

Umri huo haufichiki. Kila tairi lililotengenezwa tangu mwaka 2000 lina tarakimu nne za tarehe mwishoni mwa msimbo ulioanza na herufi DOT au ndani ya kiduara kidogo ubavuni. Mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka. 2308, kwa mfano, ni wiki ya 23 ya mwaka 2008. Michelin, miongoni mwa kampuni kubwa za matairi duniani, hushauri tairi lolote lililotimiza miaka 10 tangu kutengenezwa libadilishwe hata kama linaonekana zima, na ushauri huo hutaja tairi la akiba kwa jina. Kwa kipimo hicho, idadi ya matairi ya akiba yanayostahili kustaafu katika magari yaliyo nchini ni kubwa.

Kuna pia matumizi ya mjini, ambayo hayana kisingizio cha umbali. Katika mitaa ya Dar es Salaam, Mwanza au Arusha, fundi wa pancha hakosekani kila baada ya vituo vichache vya daladala, na bado yapo magari yanayotembea na tairi dogo kwa wiki nzima, mengine kwa mwezi. Mara nyingi sababu ni fedha: tairi la kawaida limepasuka ubavu, haliwezi kuzibwa, na jipya linasubiri mshahara. Sababu hiyo inaeleweka. Hata hivyo, kashata ya tairi dogo huisha haraka na difu huendelea kulika, na anayeahirisha gharama ya tairi anaweza kujikuta akilipia tairi pamoja na matengenezo ya gia boksi. Kwa mwenye hali hiyo, tairi lililotumika lenye kipimo sahihi, lililokaguliwa tarehe na nyufa, ni nafuu inayofaa kuliko kuendelea na la muda.

Kazi ya kubadilisha tairi yenyewe inastahili kutazamwa, kwa sababu wapo wanaoumia kabla hata ya kuliendesha tairi hilo. Gari likipata pancha dereva hana budi kulisogeza taratibu hadi mahali tambarare na pagumu, hata kama kufanya hivyo kutaliharibu tairi lililopasuka, tairi hununuliwa. Kwa kuwa magari nchini huendeshwa kushoto, pancha ya upande wa kulia humlazimisha anayefungua nati kuchuchumaa akiipa mgongo barabara, hivyo gari halina budi kusogezwa mbali na lami kadiri inavyowezekana. Abiria washuke na wakae mbali na njia. Nati zilegezwe kidogo gurudumu likiwa bado chini, ndipo jeki ipandishwe, juu ya kipande cha ubao kama ardhi ni laini. Tairi lililotolewa likilazwa chini ya ubavu wa gari, litazuia bodi isifike chini endapo jeki itateleza. Nati hukazwa kwa kuruka kutoka upande mmoja kwenda mkabala wake, na hukaguliwa tena baada ya mwendo mfupi.

Pembetatu za kuakisi mwanga ziwekwe mbali vya kutosha ili anayekuja kwa kasi apate muda wa kupunguza mwendo. Desturi ya kutandaza matawi ya miti barabarani imesaidia wengi pale pasipo na pembetatu, na madereva wote wanaielewa lugha yake. Mawe ni jambo jingine. Huwekwa kuzuia gari lisirudi nyuma, kisha gari huondoka na mawe hubaki juu ya lami, na usiku pikipiki inayokuja nyuma haiyaoni. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, ajali za barabarani huua takriban watu milioni 1.19 duniani kila mwaka na ndizo zinazoongoza kwa kusababisha vifo vya watu wenye umri wa miaka 5 hadi 29.

Kwa upande wa sheria na viwango, tairi dogo la akiba halijakosa uhalali. Umoja wa Mataifa, kupitia Kamisheni yake ya Uchumi ya Ulaya, una Kanuni Namba 64 inayohusu magurudumu ya akiba ya matumizi ya muda, ikitaka yawe na tahadhari ya mwendo inayoonekana hata yakiwa yamefungwa kwenye gari. Ndiyo asili ya kibandiko chenye tarakimu 80 kinachoonekana kwenye rimu nyingi. Nchini, Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inamtaka anayetumia gari barabarani kuhakikisha lipo katika hali isiyohatarisha watumiaji wengine, na wajibu huo hausimami kwa sababu ya pancha. Askari wa usalama barabarani wamezoea kuuliza habari za pembetatu na kizimamoto. Swali la mwaka wa tairi la akiba na upepo wake lingeweza kuulizwa pamoja na hayo katika ukaguzi wa kabla ya sikukuu, na jibu lake lingesaidia kuliko stika nyingi zinazobandikwa kwenye vioo.

Suluhisho lililo karibu kwa mwenye gari la safari ndefu ni kubeba tairi kamili. Rimu iliyotumika yenye idadi sawa ya matundu na tairi la kipimo kile kile hupatikana katika maduka ya vipuri ya Kariakoo na mikoani. Kikwazo ni nafasi, kwa kuwa shimo la buti lilichimbwa kwa ajili ya tairi jembamba, na kubwa huinua sakafu au kulazimika kufungwa kwa mkanda juu yake. Anayesafiri kikazi kila wiki kati ya Dodoma na mikoa ya jirani atakubali kupoteza nafasi hiyo. Anayeishi na kufanya kazi ndani ya jiji moja hahitaji, ili mradi tairi lake dogo lina PSI 60 na umri unaokubalika.

Wakati huo huo, soko linaelekea kwingine. Chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, kilibaini mwaka 2015 kwamba asilimia 36 ya magari mapya ya mwaka huo yaliuzwa nchini humo bila tairi lolote la akiba, na baadhi ya magari madogo kutoka Japani, yakiwemo yanayotumia mafuta na umeme kwa pamoja, nayo hufika yakiwa na chupa ya dawa ya kuziba pancha na pampu ndogo ya umeme tu. Dawa hiyo huziba tundu la msumari katika kashata. Haiwezi kuziba ubavu uliochanika kwa jiwe au ukingo wa shimo, na ina tarehe ya mwisho wa matumizi iliyochapishwa kwenye chupa, ambayo kwa gari lililokwisha kuendeshwa Japani kwa muongo mmoja huenda ilipita kabla gari halijapakiwa melini. Pampu yenyewe hubaki na manufaa yake: inaweza kulijaza tairi dogo hadi PSI 60 mahali popote penye gari na swichi.